Mmea Ulao Inzi: Wapandwa au Wafugwa?

Mwenye kuletewa mche huulizwa ataupanda wapi, na mwenye kuletewa kuku huulizwa atamfuga wapi. Lugha yetu imekwisha kuyagawa mambo hayo tangu zamani, na sijapata kumwona mtu akitatizika nayo. Lakini siku mpwa wangu aliporudi kutoka Nairobi na kopo la plastiki mkononi, ndani yake mna mmea mdogo usiotimia shibiri, mimi niliyeishi na lugha hii zaidi ya miaka hamsini nilikwama. Mmea ulikuwa na mizizi, ulikuwa na majani, tena nikaambiwa hutoa na maua. Hata hivyo kabla ya alasiri ya siku ile ile aliyouweka dirishani, ulikuwa umekwisha kumnasa inzi mmoja na mbu wawili, na umewashika barabara. Je, kitu kama hiki hupandwa au hufugwa?

Niliwapelekea wenzangu swali hilo barazani baada ya Isha. Mzee mmoja, fundi wa mashua, alikata shauri papo hapo: "Kilacho hufugwa." Mwenzake akamjibu, "Basi na mchicha wafugwa, maana nao hula samadi." Tulicheka, tukanywa kahawa, tukatawanyika bila ya jawabu. Mengine niliyojifunza juu ya mmea huo nilijifunza kwa hasara, na hasara hiyo ndiyo iliyonitia kuandika makala haya, ili msomaji atakayeletewa kopo kama lile asije akafanya niliyoyafanya mimi.

Mmea wenyewe waitwa drosera. Jina limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya umande, na aliyelitoa hakukosea. Majani yake ni marefu na membamba, na juu ya kila jani mna nywele nyekundu tele, na kwenye ncha ya kila unywele pametua tone limetalo kama umande wa alfajiri. Tofauti ni kwamba umande wa alfajiri hukauka jua likichomoza, na huu wabakia juani mchana kutwa ukimetameta. Mdudu auonapo hudhani ni maji au asali, akatua. Kumbe ni ulimbo, mfano wa ule ambao sisi utotoni tulikuwa tukiutegea ndege. Kila ajitahidivyo kujinasua ndivyo anavyozidi kujipaka. Nywele za jirani humwinamia moja moja, ulimbo ukaziba matundu ya kupumulia yaliyoko ubavuni mwake, akafa. Jani nalo hujikunja pole pole juu yake, likamtilia maji ya kumeng'enya chakula mfano wa yaliyomo tumboni mwetu, na baada ya siku kadhaa hubaki ganda tupu, jepesi, ambalo ukilipuliza hupeperuka. Subhanallah, hapana kelele hata chembe.

Aina niliyoletewa asili yake ni Rasi, kule Afrika ya Kusini, na wenye ujuzi wote husema ndiyo impasayo mwanafunzi, kwa kuwa ni mvumilivu. Mimi mvumilivu huyo nilimwua kwa majuma matatu.

Sikumwua kwa kumtupa. Nilimwua kwa ukarimu. Niliona kopo lile ni dogo, nikauhamishia mmea katika chungu kizuri cha udongo. Nikachukua mchanga wa pwani uliochekechwa, nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokomaa, ile ile inayostawisha mirehani yetu uani. Mama watoto akawa anaunywesha maji ya kisima asubuhi na jioni, tena kwa mapenzi. Mjukuu wangu wa kike, aliyesikia kwamba mmea wala nyama, akaukatia kipande cha mshikaki wake mwenyewe, sadaka kubwa kwa mtoto wa miaka saba. Juma la kwanza umande ulikauka. Juma la pili majani yakaanza kuwa meusi kutoka nchani, na ile nyama ikaota ukungu pamoja na jani lililoishika. Juma la tatu mtoto akaja kuniambia, "Babu, mti wako umelala." Nilipompigia simu mpwa wangu kumhadithia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, umemlisha pilau mtu aliyefunga."

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, na nikajua kuwa kila jambo nililolitenda kwa wema lilikuwa sumu. Mimea hii, ambayo jamii zake zote duniani zinapita aina 600, na drosera peke yake zaidi ya 200, huota mahali ambapo mimea mingine hushindwa: kwenye mabwawa, mbuga zilizojaa maji na michanga iliyosuguliwa na mvua mpaka haina tena rutuba. Naitrojeni na fosforasi, ambazo mchicha wetu huzipata kutoka katika samadi, huko hazipatikani ila kwa uchache mno. Basi hii imejaliwa kuzitwaa kwa wadudu. Mizizi yake ni michache, na kazi yake kubwa ni kunywa maji tu, haikuumbwa kwa kupokea chumvi na mbolea. Ukiitilia samadi waiunguza, kama ambavyo ungeweza kumwunguza mtoto mchanga kwa kumpa pilipili.

Mtu aliyeyathibitisha mambo haya kwa muda mrefu ni Charles Darwin, yule bingwa wa Kiingereza ambaye wengi wetu twamjua kwa jambo jingine ambalo hatukubaliani naye. Katika kiangazi cha mwaka 1860 alikuwa akipumzika Sussex, kusini mwa Uingereza, akaona drosera ndogo za kwao zimejaa wadudu walionaswa, na tangu hapo hakutulia. Alizipa vipande vya nyama, ute wa yai, matone ya maziwa. Akazipa na vipande vya gilasi ili aone kama zitadanganyika. Aligundua kuwa chembe ya unywele wa binadamu yenye uzito usiofika hata sehemu moja katika elfu ya miligramu yatosha kuuinamisha unywele wa drosera, ilhali tone la mvua, ambalo ni zito mara nyingi zaidi, haliushtui. Kitabu chake juu ya mimea ilayo wadudu kilitoka mwaka 1875. Miaka mitatu baadaye mwanawe, Francis, aligawa drosera mafungu mawili, moja akalilisha nyama na jingine akalizuilia wadudu. Lililolishwa lilizaa mbegu nyingi zaidi kwa mbali, lakini lile jingine nalo liliishi. Jambo hilo lafaa mwanafunzi alikumbuke usiku apatapo wasiwasi kuwa mmea wake una njaa.

Sasa tuje kwenye utunzaji, na nianze na maji, kwani maji ndiyo yauayo mingi kuliko jambo jingine lolote. Maji yafaayo ni ya mvua, au maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji. Ya bomba hayafai. Ya kisima hayafai. Ya chupa tuyanunuayo dukani kwa kunywa aghalabu hayafai vile vile, kwa kuwa yana madini, ama ya asili yake ama ya kutiwa ili yapate ladha. Wala usijidanganye kwamba kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haifi, na maji yakipungua motoni ndipo inapozidi kukolea.

Sisi wa pwani tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Visima vingi vya mjini vyaonjwa chumvi kwa ulimi, hapo hapana ubishi. Lakini hata maji tuyaitayo matamu si matupu. Chungulia ndani ya birika yako ya chai uone ule ukoko mweupe ulioganda chini na ubavuni. Ukoko huo ndio utakaobaki katika udongo wa drosera kila maji yakauke, siku baada ya siku, mpaka mizizi ishindwe. Wafugaji (nami nawaita hivyo kwa muda) wana kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia chumvi iliyoyeyuka, na wengi hawataki maji yapite sehemu 50 katika milioni. Asiye na kipimo na akinge mvua.

Na mvua, alhamdulillahi, tunayo. Katika masika mtu mwenye paa la mabati aweza kujaza mapipa ya kutosha makopo mawili matatu kwa mwaka mzima. Iache mvua ya kwanza ioshe vumbi na mavi ya kunguru, kisha ndipo ukinge. Wenye madari ya kale ya mawe na chokaa wasikinge kutoka juu ya dari, maana maji yatateremka na chokaa yake. Na watandike ndoo uwanjani. Mvua ikiadimika, vituo vya petroli huuza maji ya kutilia betri za magari, nayo huwa yametoneshwa. Ila soma chupa kwa macho mawili, usije ukanunua tindikali, kwani chupa hizo huwekwa rafu moja na kufanana kama mapacha. Wapo pia watumiao maji yatonayo kutoka kwenye mashine za kupoza hewa. Ni maji laini, lakini hakikisha mashine ni safi.

La pili ni udongo, na hapa nako pwani yetu ina mitego. Mchanga wa ufuoni, mweupe na mzuri wa kutazama, ni matumbawe na makombe yaliyosagika, tena umekolea chumvi. Usiutie hata ukiuosha mara kumi. Ufaao ni ule wa mawe magumu yang'aayo, aghalabu wa mtoni. Kuujua si kazi: weka kijiko kimoja katika kisahani, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa, utupe. Ukinyamaza, uoshe kwa maji ya mvua mpaka maji yatoke meupe. Mchanga huo huchanganywa nusu kwa nusu na piti, yaani ule udongo mweusi mwepesi uliofanywa na kuvumwani zilizooza katika mabwawa ya nchi za baridi. Huuzwa katika maduka ya pembejeo kwa ajili ya kuoteshea miche. Soma gunia: uliotiwa mbolea usiuguse. Ukikosa mchanga, perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi watumiavyo wenye vitalu, hufanya kazi ile ile.

Najua kuna msomaji atakayesema, "Kwa nini ninunue udongo wa Ulaya na minazi imejaa Kilifi na Kwale?" Swali zuri, nami nililiuliza. Vumbi la makumbi hushika maji vizuri sana, na wako wanaolitumia. Lakini kumbuka makumbi yetu hupitia wapi kabla hayajawa usumba wa kusokotea kamba: hufukiwa katika matope ya pwani miezi na miezi, maji ya bahari yakipwa na kujaa juu yake. Vumbi la makumbi hayo ni chumvi tupu. Hata yale ambayo hayakufukiwa yana chumvi zake za asili. Mwenye subira aloweke kwa maji ya mvua, akamue, amwage, arudie mara nyingi kwa siku kadhaa, kisha ajaribu kwa mmea mmoja kwanza, asiweke roho yake yote humo. Mimi nilishindwa na subira, nikanunua piti.

Chombo nacho kiwe cha plastiki. Chungu cha udongo ni kizuri kwa macho, lakini hutoa madini yake pole pole. Kopo la mtindi lililotobolewa chini latosha. Liweke ndani ya kisahani cha plastiki chenye maji kimo cha sentimita moja au mbili, mmea unywe kutoka chini. Usiumwagie maji juu ya majani, utauoshea ulimbo wake.

Ndugu msomaji, tusimame kidogo hapa kwenye kisahani. Wengi huutaka mmea huu wakidhani utawamalizia mbu nyumbani. Hautawamaliza. Kopo moja litanasa wachache, nyumba ina mamia. Kinyume chake, kisahani cha maji yaliyotuama ndicho kitanda wanachokipenda mbu waletao homa ya dengi na chikungunya, na sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa: dengi ilituingilia mwaka 2013, na chikungunya ikatushika mwishoni mwa mwaka 2017 mpaka mwaka uliofuata, watu wakatembea wamejipinda kama wazee wa miaka tisini. Mbu huyo kutoka yai mpaka kuruka huhitaji kiasi cha juma moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo kila baada ya siku nne mimi humwaga maji yote ya kisahani, nikakisugua kwa kitambaa ili mayai yaliyogandama ubavuni yatoke, kisha nikatia mengine. Mtu asiyeweza kuishika ratiba hiyo ni afadhali asiuchukue mmea.

Jua lataka akili. Drosera huhitaji jua lenyewe usoni, si mwanga wa kupita mlangoni. Isipopata, majani hurefuka yakapauka, na ulimbo ukapungua; ikipata, nywele huiva wekundu. Lakini jua la Rasi si jua la Mombasa mwezi wa Februari na Machi, wakati wa kaskazi, ukuta unapochoma hata usiku. Mimi huupa la asubuhi mpaka kiasi cha saa tano, kisha hujikalia kivulini penye mwanga. Kwa unyevu wa hewa hatuna shida. Watu wa nchi za baridi huziweka ndani ya visanduku vya gilasi ili wapate kile ambacho sisi twakipata bure hata nguo zikakataa kukauka. Ila wenye nyumba zilizoelekea bahari wasiuweke upande wa kusi, kwani upepo huo hubeba chumvi.

Na chakula? Ukiwa nje au dirishani, hautaki chakula chako. Usubi, mbu na inzi wadogo watauendea wenyewe. Ukiwa mahali pasipo wadudu kabisa, chukua chembe ya chakula cha samaki wa gilasi, ile ya vipande vyepesi, ukiponde, ukilowanishe, ukiweke juu ya jani moja kwa ncha ya kijiti, mara moja kwa majuma mawili au matatu. Chembe, nimesema, si kijiko. Nyama ya ng'ombe na mbuzi, samaki, jibini, hivyo huoza kabla havijameng'enywa. Jani lililokula mara kadhaa huzeeka, likawa jeusi, likafa. Hilo si ugonjwa, madamu katikati majani mapya yanachipuka. Ukiuhamisha mmea, umande utakauka siku kadhaa kwa mshtuko. Uache. Mara hii ya pili nilijifunga mikono kweli kweli, na ulirudi wenyewe siku ya tisa.

Sina budi kusema neno juu ya mimea mingine ya ukoo huu, kwani anayeanza aghalabu hataki drosera. Anataka ile yenye midomo. Amewaona katika picha, majani mawili kama mlango wa chaza, yenye meno pembeni, yakijifunga ghafla juu ya inzi. Mmea huo duniani kote una kwao kumoja tu, nyika za majimaji za North Carolina na South Carolina huko Marekani. Ndani ya kila mdomo mna vinywele vichache, aghalabu vitatu kila upande. Mdudu akigusa mara moja, mmea hausemi kitu. Akigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, mlango hufunga kwa kadiri ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walieleza kuwa mmea huendelea kuhesabu mguso hata baada ya kufunga: mpaka kiasi cha mitano ndipo huanza kutoa maji yake ya kumeng'enya, usije ukapoteza nguvu kwa jani kavu lililoangushwa na upepo. Mti unaohesabu! Nimefundisha watoto madrasa, najua uzito wa jambo hilo.

Lakini mmea huo umezoea baridi ya Carolina. Kila mwaka wahitaji kulala miezi mitatu au minne ya ubaridi, na usipolala hudhoofika ukafa. Hapa pwani baridi hiyo utaitoa wapi? Wako watu wauwekao ndani ya friji kwa msimu, na mimi nasema friji ya nyumba yetu ina biriani. Isitoshe, umeibwa sana kwao. Tangu Desemba 2014 kuung'oa porini bila ruhusa huko North Carolina ni kosa kubwa la jinai. Mkazi wa pwani anayetaka kupanda ngazi baada ya drosera ni afadhali aitazame ile yenye vibuyu, iitwayo nepenthesi, hasa zile aina za nchi za tambarare zenye joto. Jani lake hurefuka ncha, na ncha ikavimba ikawa kibuyu chenye kifuniko, ndani mna maji. Mdudu huteleza ukingoni akatumbukia. Hiyo haitaki kusimama katika kisahani cha maji; yataka udongo unaopitisha hewa, unyevu, na jua lililochujwa.

Tena hiyo ni jirani yetu. Nyingi ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini Bukini, kisiwa ambacho majahazi yetu yalikijua kabla ya ramani za Wazungu, kina zake mbili. Mfaransa Étienne de Flacourt aliitaja nepenthesi katika kitabu chake juu ya Bukini cha mwaka 1658, na ndiyo maandishi ya kwanza ya Wazungu juu ya mmea huo. Shelisheli nayo ina yake peke yake, juu ya miamba ya Mahé na Silhouette. Na katika vidimbwi vya maji matamu vya Afrika Mashariki huelea mmea mwingine usio na mizizi, wenye vifuko vidogo kama punje za mtama chini ya maji, vinavyomfyonza kijidudu kwa muda usiofika sehemu moja katika elfu ya sekunde. Nani kati yetu hajapita kando ya dimbwi kama hilo akaona uchafu tu?

Hizo za porini ziachwe porini. Drosera nazo zipo katika majimaji ya bara, lakini aing'oaye aleta nyumbani maiti, kwa sababu hana udongo wala maji yake, na bwawa lililokauka halirudi. Ya kufuga ipatikane kwa wakulima wa maua waliojiotesha wenyewe. Atakaye kuagiza kutoka nje, hata iwe mbegu, lazima kwanza apate kibali cha KEPHIS, na mzigo uje na hati ya afya ya mimea kutoka kule utokako; nepenthesi na ile ya midomo zimo pia katika mkataba wa dunia wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, CITES. Njia rahisi kabisa ni kumwomba mwenye nayo jani moja. Jani la drosera ya Rasi ukilikata na kulielekeza katika gilasi ya maji yaliyotoneshwa, penye mwanga, baada ya majuma kadhaa huchipuza miche midogo kama nukta, wakati mwingine minne mitano kwa jani. Mbegu zake nazo ni kama vumbi la tumbaku. Hunyunyizwa juu ya piti iliyolowana, hazifukiwi, kwani zataka mwanga.

Mmea wangu wa pili, ambao mpwa wangu aliuleta kwa masharti kama mahari, sasa una mwaka na miezi. Ili nyumba nzima iyajue masharti hayo, niliandika ubeti huu kwenye kipande cha kadi nikaufunga kwenye kopo:

Ewe mpenda kunipa, usinitie samadi,
Ya bomba yatanichapa, ya mvua ndiyo ya sudi,
Wala nyama ya kutupa, inzi nitawafaidi,
Niwache juani hapa, sitaki nyingi juhudi.

Mama watoto aliusoma akasema kumbe mimi naweza kuutungia shairi mti na yeye tangu harusini hajaandikiwa. Nimelipa deni hilo, lakini si kwa gazeti.

Mwezi uliopita ulitoa kikonyo kirefu, kimejikunja kama mkia wa kinyonga, kikakunjuka siku baada ya siku na kila mara kikafungua ua moja la rangi ya waridi, jioni likafumba lisirudi tena. Mjukuu wangu alikuwa akiyahesabu kabla ya kwenda chuoni. Nilikata majani mawili, moja nikampelekea yule fundi wa mashua ndani ya gilasi ya jemu. Alilipokea kwa shaka. Jana baada ya Isha alikuja barazani, akakaa, akanywa kahawa yake ya kwanza bila ya kusema lolote. Kisha akaniinamia sikioni, wenzetu wasisikie: "Huyu wangu amezaa watatu. Watakula lini?"

Nilisikia vizuri. Hakusema "huu". Alisema "huyu".